Fahali Aliyegeuka Spika Mbili

Habari ililetwa na Sirari. Jina lake ni Steven, lakini siku nne kwa wiki yuko mpakani Sirari anabeba mizigo, na kila akirudi anarudi na Kiswahili cha upande wa pili. Alifika hapa Turwa, kijiweni kwa Maftah, saa tisa alasiri. Hakusalimia wala hakukaa.

"Wazee, mmeskia? Ile ng'ombe ya Mzee Kisyeri imekuwa spika!"

"Imekuwa nini?" Maftah aliacha birika la kahawa hewani.

"Spika! Mbili! Felix ametoka nazo Mwanza. Nimezicheki na macho yangu, amezipakata kwa boda kama mapacha."

Ngoja niwaeleze. Mzee Kisyeri wa Kemambo aliuza fahali wake Jumapili ili mwanawe Felix anunue spika. Felix ana chumba hapa Turwa, kuta zote amezibandika magodoro, na humo anarekodi kwaya, wapiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi, na vijana wa Nyangoto wanaoimba kuhusu dhahabu ambayo hawajawahi kuipata. Jumamosi anakuwa dijei wa harusi. Sasa fahali yule hakuwa wa mchezo. Watu walikuwa wanazunguka njia ili wapite Kemambo wamwone. Na aliyemnunua alikuwa amekaa nasi kwenye benchi, anamenya karanga: Nyangwine, dalali wa mnadani, ambaye sisi tunamwita Kwato.

"Fahali yule nilimtazama kifua na nundu, basi," Kwato alisema, na sisi hiyo ilikuwa mara ya tisa kuisikia tangu Jumapili. "Hata kumtembeza sikumtembeza. Nikampakia kwenye kenta, kwaheri. Miaka ishirini mnadani, ng'ombe hanidanganyi mimi."

"Anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Anastarehe. Tangu afike kwangu amelala tu. Ng'ombe wa kitajiri yule, hana papara."

Mimi ni fundi viatu. Hapa wananiita Gundi, nami nilidhani ni kwa sababu ya kazi, mpaka Maftah aliposema ni kwa sababu nikikaa kwenye benchi lake sibanduki. Nilijiuliza tu ng'ombe wa kitajiri ni ng'ombe wa namna gani.

Felix akaingia. Alikuwa amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini anacheka peke yake. Akaziweka spika juu ya meza ya Maftah, moja kulia, moja kushoto, akangoja tuzisifu.

Hakuna aliyesifu. Kila moja ilikuwa na kimo cha debe, na debe lenyewe lilizidi.

"Mura, kijana wangu," Kwato akaanza polepole, "zilizobaki zinakuja na lori?"

"Ndizo hizo, kaka Nyangwine."

Kwato akasimama. Alizizunguka spika zile kama anavyozunguka ng'ombe mnadani, akazigonga ubavuni, akachungulia nyuma, akainua moja kwa mkono mmoja na kuirudisha mezani kwa masikitiko.

"Kifua hakuna. Nundu hakuna. Hii ukiipeleka mnadani watakuuliza mama yake yuko wapi."

"Buda, pale Isebania kuna spika," Sirari akadakia, "wakiiwasha kule Kenya, huku kwetu kuku wanataga bila kupenda. Hiyo ndiyo spika. Hii yako ni ya kuamshia mtu mmoja, tena awe amelala karibu."

"Na hili langu je?" Maftah akasema, akilipapasa sabufa lake lililo juu ya rafu. Maftah analipenda sabufa lile kuliko wateja. Likipigwa, vikombe vinatembea mezani vyenyewe. "Kijiweni kwangu hakuna kijiko. Weka sukari, mimi naongeza besi, inajikoroga yenyewe. Wallahi hamjawahi kuniona nanunua kijiko."

"Kaka Maftah, hilo ndilo tatizo lenyewe," Felix akasema. "Sabufa linakudanganya."

Maftah akakunja uso. Mtu akikwambia chombo chako kinadanganya, ndani ya kijiwe chako mwenyewe, ni tusi hilo.

"Kwenye chumba changu nilikuwa natumia sabufa kama hilo. Linaongeza besi ambayo kwenye wimbo haipo. Mimi nasikia besi imezidi, napunguza. Nasikia bado, napunguza tena. Wimbo ukitoka nje, ukipigwa kwenye redio ya mtu mwingine, umebaki mifupa. Mnaikumbuka ile kwaya ya Nyangoto?"

Tuliikumbuka. Chumbani kwa Felix ilinguruma mpaka bati likalia. Kanisani ilitoka kama watu wanaimba wameziba pua, na mwenyekiti wa kwaya hajamsamehe mpaka leo.

"Harusini nakodi makubwa, huko ni kelele," Felix akaendelea. "Lakini nyumbani, wakati wa kutengeneza wimbo, nataka spika isiyoongeza wala kupunguza. Iseme ukweli tu. Unakaa katikati, hii kulia, hii kushoto, masikio usawa, unasikia kila kitu."

"Ukweli!" Kwato akacheka mpaka karanga zikamtoka. "Nani anacheza ukweli? Umeona bibi harusi anakatika kiuno kwa ukweli? Watu wanataka kudundwa kifuani, mura! Na mimi nikae katikati ya vidude viwili kama naposa? Thubutu."

"Wacha mchezo," Sirari akasema, "baba yako ameziona?"

Hapo kicheko cha Felix kikakatika. "Anakuja saa hizi. Alisema anataka kuona fahali wake amegeuka nini."

Tukatazamana. Tunamfahamu Mzee Kisyeri. Akisema jambo asubuhi, jioni limefanyika.

"Jaribu ile ya litungu kwenye sabufa langu," Maftah akasema kwa huruma. "Labda akisikia mdundo atalainika, na hivyo vidogo tuvifunike na kitenge."

Jumatatu Felix alikuwa amemrekodi baba yake akipiga litungu nyumbani Kemambo; aliwasha mashine akatoka nje, asimsumbue mzee. Akaunganisha kompyuta kwenye sabufa. Mzee kwenye rekodi alikuwa bado anakaza nyuzi, lakini tulichosikia ni mguu wake ukipiga sakafu: du, du, du. Vikombe vikaanza safari. Sukari yangu ikajikoroga. Litungu lenyewe sikulisikia, labda lilikuwepo.

"Hiyo ndiyo raha!" Kwato akapiga makofi.

"Zimeni hilo dude," sauti ikasema mlangoni.

Tukasimama wote. "Shikamoo mzee!"

"Marahaba." Mzee Kisyeri aliingia na fimbo yake, akatazama meza, akatazama chini ya meza, akatoka nje kidogo akatazama barabarani, akarudi. "Felix. Fahali yuko wapi?"

"Ndiye huyu, Tata. Hizi hapa."

Mzee aliigusa spika kwa ncha ya fimbo. "Hizi ni nyumba za vifaranga."

"Tata, amplifaya imo ndani humo humo, na..."

"Fahali yule alisukumwa na wanaume wanne ndipo akapanda kenta."

"Sita," Kwato akasema kwa fahari. "Mzito balaa."

"Sita. Na wewe umenirudishia vitu vya kubeba kwapani." Mzee akakaa. "Kesho unazirudisha Mwanza. Ulete kubwa, kama hili la Maftah, mtu akipita Kemambo ajue hapa palikuwa na fahali. Hutaki, chumba unafunga, unarudi kuchunga. Fimbo yako bado iko zizini."

Nilimhurumia yule kijana, nasema kweli. Alikuwa amekaa miaka mitatu na magodoro yale ukutani. Macho yalimjaa machozi, na kwa mwanaume wa huku Tarime, mbele ya Kwato, hilo si jambo dogo.

"Sawa, Tata. Lakini sikiliza mara moja tu. Ni wewe mwenyewe humo ndani. Ukimaliza nazifunga."

Mzee akakubali kwa kidevu. Felix akahamisha nyaya, akamvutia baba yake kigoda katikati ya spika mbili. Akabonyeza.

Kwanza tulisikia pumzi. Kisha ukucha ukigusa uzi. Halafu kuku akapita kutoka kushoto kwenda kulia, na Maftah akageuka kumfukuza. Hakukuwa na kuku.

"Woi!" Sirari akanong'ona. "Mzee yuko hapa, na yuko hapo."

Mzee Kisyeri alifumba macho. Uso ukalainika taratibu. "Ni mimi huyo," akasema. "Uzi wa tatu umelegea. Nilikuwa sijui kama umelegea." Akainamisha kichwa zaidi. "Mura, nasikia hata kigoda changu kinavyolia."

Felix akaanza kutabasamu. Sisi wote tukaanza kutabasamu.

Ndipo upande wa kushoto, kama amesimama pale mlangoni kabisa, ikatoka sauti ya mama yake Felix:

"Baba Felix, ule mguu ulimwambia Nyangwine?"

Na sauti ya mzee, ya chini, wazi kuliko tangazo la mnada: "Mguu gani?"

"Si wa nyuma, wa kulia. Anaochechemea."

"Aliniuliza mguu? Alitazama nundu, akatazama kifua, akatoa hela."

"Akijua je?"

"Atajuaje? Akisimama ni bwana harusi. Na ndani ya kenta ng'ombe hachechemei."

Kikafuata kicheko cha mzee, kirefu, kitamu, kila jino lilisikika. Halafu litungu likaanza, tena kwa furaha sana.

Kijiweni hakuna aliyemeza kahawa. Mzee Kisyeri alikuwa amefumbua macho, anazitazama zile spika kama mtu anayemtazama shahidi mahakamani. Akaegemea fimbo, akainuka haraka kuliko umri wake.

"Spika ni nzuri," akasema. "Nzuri sana. Haziendi Mwanza. Mwanangu umenunua vizuri, nimekubali mbele ya watu wote hawa. Sasa zima."

Felix akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime, mura." Kwato alikuwa ameshatua kikombe. Akakivuta kigoda kilichoachwa na mzee, akakiweka katikati kabisa, hii kulia, hii kushoto, masikio usawa, kama alivyofundishwa. "Rudisha nyuma kidogo. Pale kwenye mguu."