Boga la Hembri

Jumapili, 7 Septemba 2025
Habari kubwa! Hembri wanaandika kitabu cha historia ya kijiji chao. Hembri iko Uingereza, nyumba thalathini na kanisa. Ndiko tulikokaa mimi na mke wangu Khole tulipotoka Zanzibar, kabla ya kuja Maskati. Wanataka kumbukumbu za watu wa zamani. Wa zamani nani kama si mimi? Nimemwambia mjukuu wangu Taghreed aniandikie Kiingereza: boga lililoshinda maonyesho ya mwaka 1971 nililima mimi. Kauliza, kweli, Babu? Nikamwambia andika.
Khole kacheka peke yake jikoni. Sijui nini.

Jumatatu, 8
Wanaomba picha. Sina! Kamera ilikuwa ya shemegi yangu Sleiman, kaka yake Khole, tuliyekaa naye kulekule. Nimempigia. Kasema picha anazo ila atazituma mwenyewe, mimi haniamini hata na picha ya paka. Hasidi huyu tangu ujana.

Jumatano, 10
Akili ni mali! Nimekwenda sokoni Mawaleh, nimenunua boga, wamelibeba wanaume wawili. Ndevu nimezipaka rangi nyeusi. Kijana kabisa. Nimevaa koti langu la sufu la Hembri. Joto, ya Rabbi! Taghreed kanipiga picha uani, nimelikumbatia boga kama mtoto mchanga, halafu kaondoa rangi kwenye simu ionekane ya zamani. Kanirithi huyu. Khole kapita, kanambia yakhe, utakufa na koti hilo, na boga lenyewe nnalitaka jikoni.
Picha imekwenda.

Alhamisi, 11
Jibu. Bibi wa kitabu anashukuru sana, ila anauliza mtende ule nyuma yangu ulikuwa uani kwa nani, maana Hembri hakujaota mtende hata mmoja.
Mtende! Sikuuona.
Tena anasema Sleiman keshatuma picha ya ushindi. Taghreed kaifungua. Khole, na boga lake alilolilima, na kikombe mkononi. Nyuma yake mwanamme kamshikia mwavuli. Ndiyo mimi. Chini wataandika: Bi Khole, bingwa wa maboga, na mtu asiyejulikana.
Asiyejulikana!
Sleiman kapiga simu kunipa hongera, kaniita Shemegi Mwavuli. Nimemkatia.
Khole kalipika boga kwa tui. Nimekula sahani tatu, tamu, sitasema uongo. Kanambia nisinune, mvua siku ile ilikuwa kubwa, bila mimi asingesimama akapigwa picha. Nimefurahi. Kidogo.

Jumamosi, 13
Nimelala nikafikiri. Leo Taghreed kaandika tena: mtu yule anajulikana sana, ndiye aliyewajengea daraja la mto. Kauliza, Babu, ulilijenga? Nikamwambia nililipita kila siku, si sawasawa?
Picha watataka tu. Jioni twenda Khuwair, hapahapa Maskati. Pana daraja la waenda kwa miguu, refu, zuri. Chini yake magari yanapita kama maji. Nani atajua?