Dampo Lisije, Dampo Lije

Jumatatu, 2 Juni

Habari mbaya. Nimeipata kwa kinyozi, nusu ya uso ikiwa imejaa povu. Halmashauri inatafuta mahali pa dampo jipya. La zamani limefurika mpaka takataka zinavuka barabara zenyewe. Wameteua sehemu tatu za kuchunguza: uwanda ulio kando ya uwanja wa ndege, machimbo ya kokoto ya shemeji yangu, na shamba langu la bondeni.

Langu! Nikaruka kitini. Sharubu za upande wa kushoto zikabaki kwenye wembe.

Kinyozi anasema halmashauri ikilitaka shamba la mtu inalichukua tu bila malipo, na shukrani mwenyewe ajishukuru. Namwamini. Mtu aliyekushikia wembe shingoni hana sababu ya kukudanganya.

Kusema kweli shamba lenyewe ni balaa. Udongo wa mfinyanzi mtupu. Mvua ikinyesha linakuvua viatu, jua likiwaka linapasuka kama kisigino. Mahindi yalishakata tamaa nalo. Lakini ni la marehemu baba, na ubovu wake ni wetu wa kifamilia. Hawalipati.

Mke wangu yuko kwenye cherehani yake, pini mdomoni. Akasema niende halmashauri nikaulize utaratibu ukoje. Kuuliza! Kuuliza ni kwa watu wasio na akili.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda halmashauri. Sikuuliza kitu. Nimesoma ubao wa matangazo.

Masharti yao yamebandikwa pale kila mtu ayaone. Dampo lisikaribiane na nyumba za watu. Lisikaribiane na uwanja wa ndege, kwa sababu takataka huleta ndege wenye manyoya, na wenye manyoya hawapatani na wenye injini. Lisiwe karibu na mto, chemchemi wala bwawa.

Bwawa! Nikalisoma neno hilo mpaka likaanza kunitabasamia. Mimi sina bwawa. Lakini bwawa ni nini? Ni shimo na maji. Shimo huchimbwa, maji hubebwa.

Shemeji naye alikuwa pale ubaoni, na ile kofia yake ya pama. Huyu ni kaka yake mke wangu, mtu ambaye hajawahi kupoteza kitu tangu azaliwe, hata mwavuli. Akanisalimia kwa uchangamfu, akasema anaomba dampo liende kwake. Nikamwonea huruma. Jua limemwingia kichwani, na kofia yote ile.

Ijumaa, 6 Juni

Bwawa limechimbwa. Nilianza mwenyewe na jembe, kiuno kikagoma, nikaita vibarua. Juzi mchana likaja boza la maji. Dereva wa boza akauliza ninamwagilia zao gani. Nikamwambia ni zao la siri. Akamwaga, akaenda, akarudi, akamwaga tena. Likapendeza kweli, hata mimi nilitaka kulitazama.

Lakini bwawa lisilo na viumbe ni dimbwi tu. Nikamwendea mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye anawapenda bata wake kuliko watu wote, mimi nikiwa wa mwisho kwenye foleni. Nikamweleza kwa adabu kwamba bata wanahitaji kubadili hewa. Akasema hewa hiyo atakwenda kuionja na yeye. Amechukua kiti, mwavuli na birika. Sasa anashinda bondeni kuanzia asubuhi, na jana usiku kwenye chakula aliniambia, kwa mara ya kwanza tangu harusi, kwamba nina akili.

Jumapili, 15 Juni

Nimegundua kasoro. Bwawa langu halina historia.

Nikarudi kwa kinyozi, maana ukitaka jambo lienee, liseme pale halafu uombe asimwambie mtu. Nikasema lile bwawa ni chemchemi ya kale, babu yangu alikuwa akinywesha ng'ombe pale. Babu yangu alikuwa fundi saa na aliwaogopa ng'ombe kupita kiasi. Lakini amekwishatangulia mbele ya haki, hawezi kunisuta.

Kufika jioni hadithi imenirudia ikiwa imenenepa. Babu alizama pale utotoni, akaokolewa na dada yake, na dada mwenyewe aliolewa kwa sababu ya ushujaa huo. Mtu aliyenisimulia alikuwa na machozi. Nikalia naye kidogo, ingawa babu hakuwa na dada.

Watu wameanza kuja na familia zao. Watoto wanaogelea, baba zao wanajifanya wanawachunga huku nao wamekunja suruali. Mama mkwe anauza chai. Kila anayenunua anapewa historia bure.

Jumatano, 18 Juni

Wakaguzi wamekuja. Wawili: mhandisi wa halmashauri, kijana mrefu mwenye buti kubwa, na bibi afya, mama mmoja mwenye macho yanayokuona mpaka ulichokula juzi.

Nikawapeleka moja kwa moja bwawani, nikashika kifua kwa masikitiko. Nikasema ni bahati mbaya kwa kweli, chemchemi yenyewe ndiyo hii, sheria ni sheria.

Mhandisi akaniuliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Nikasema zamani. Akauliza kama maji yamepungua. Nikasema kwa fahari hayajapungua hata kidogo. Akapiga magoti. Akachota udongo, akaufinyanga, akaunusa, akaushika kama mtu anayeshika mkono wa mchumba. Kisha akainua uso unaong'aa akaniambia hajawahi kuona udongo mzuri namna hii katika kazi yake yote.

Akanieleza, nami nikamsikiliza huku fahari ikiniisha. Adui mkubwa wa dampo ni maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye takataka, yakazama ardhini mpaka visimani kwa watu. Udongo wangu hauruhusu tone kupita. Kama unashikilia maji ya bwawa, utashikilia na uchafu. Yaani nimejichosha na boza kumthibitishia mtu kwamba shamba langu ndilo dampo bora kuliko yote!

Bibi afya yeye alikuwa anawatazama bata. Mama mkwe huwafunga utepe mguuni, vipande vya vitambaa kutoka kwa mke wangu, wasichanganyike na wa jirani.

"Bata wa porini siku hizi wanavaa utepe?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba dunia inabadilika.

Walipokuwa wanaondoka nikamshika bibi afya pembeni, nikamwomba asiwaache watoto wangu bila urithi. Akashangaa. Akasema hakuna anayenyang'anywa. Halmashauri ikichukua shamba, inalipa fidia kwa thamani ya ardhi na kumpa mwenyewe kiwanja kingine cha kulima. Yote yalikuwa ubaoni, upande wa pili.

Sikujua ubao una upande wa pili.

Nikakaa kwenye matope. Sasa naielewa kofia ya shemeji: jua halikumwingia, upande wa pili aliusoma.

Alhamisi, 19 Juni

Mpango mpya. Bwawa liondoke! Dampo lije!

Ni rahisi kusema. Maji hayazami, kama alivyosema mhandisi, Mungu ambariki na buti zake. Nikachukua ndoo nikaanza kuchota na kumwaga mbali. Waogeleaji wakaniona. Wakadhani bwawa linavuja na mimi ninahangaika kuliokoa. Wakaja kunisaidia, watu wazima kwa watoto, na ndoo, sufuria, hata kofia. Kila nilichotoa wakakirudisha, na wakaongeza cha kwao kutoka nyumbani. Jioni maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kiti cha mama mkwe. Akasogeza kiti, akaniambia nisichoke.

Shemeji naye amekuja, na wanawe wote. Amesimama ukingoni akisifu kwa sauti chemchemi ya kale ya babu yangu. Amesema ni dhambi kubwa kuigusa. Kisha akanikonyeza. Nilitamani kumzamisha, lakini kina hakitoshi.

Jumamosi, 28 Juni

Mkutano wa hadhara, ukumbi wa shule. Watu wamejaa hadi madirishani.

Wakaanza na eneo la uwanja wa ndege. Likaondolewa haraka kwa ajili ya wale wenye manyoya. Wakaja kwenye shamba langu. Mhandisi akausifia udongo wangu mpaka akaombwa aketi. Nikapiga makofi peke yangu.

Halafu wananchi wakapewa nafasi. Kinyozi akasimama, akasema mama yake alimwogesha pale siku saba baada ya kuzaliwa. Mzee mmoja akaapa kwamba aliwahi kuvua samaki pale, mkubwa kama mlango. Mama mkwe hakusema mengi. Alisimama tu, mwavuli mkononi, akasema anayetaka kuweka takataka pale aanze na yeye. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Nikaona fidia inatoka mlangoni na viatu vyake. Nikasimama.

"Ndugu zangu, hakuna chemchemi. Lile bwawa nimelijaza mimi, kwa boza. Babu yangu alikuwa fundi saa."

Nikamwita dereva wa boza athibitishe. Akajikuna kichwa, akasema ni kweli alipeleka maji, ila anavyokumbuka yeye alikuwa anaongezea tu. Bintiye amejifunza kuogelea pale wiki hii.

"Wamemtisha," kinyozi akasema taratibu. "Mtazameni alivyokonda. Wamemlazimisha mtu kumkana babu yake."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mama mmoja akaangua kilio. Vijana wakanibeba juu juu, wakanizungusha ukumbini wakiimba kwamba sitalazimishwa tena na mtu yeyote. Mimi huko juu ninapiga kelele kwamba hakuna aliyenilazimisha, wao wanaimba zaidi. Nilipofika karibu na mlango nikamwona mke wangu amekaa nyuma kabisa, ameziba mdomo na kanga yake, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Hakuwa analia.

Jumatatu, 7 Julai

Uamuzi umetoka. Dampo linakwenda kwenye machimbo ya shemeji.

Mhandisi alisoma masharti kwa huzuni ya mtu aliyekataliwa posa. Kwa kuwa kule ni mwamba wenye nyufa, litatandikwa utando mzito wa plastiki chini yote. Litazungushiwa uzio na kuwekwa mlinzi getini. Takataka zitafunikwa kwa udongo kila siku. Vitachimbwa visima vidogo kuzunguka pande zote, vya kupima kama maji ya ardhini yako salama, na bibi afya atakuwa anapita kukagua. Na hakuna ruhusa ya jengo lolote ndani ya mita mia tano kutoka kwenye uzio.

Bibi afya hakudanganyika hata kidogo na babu yangu. Aliniambia ameliandika bwawa langu kama bwawa la kuchimbwa, na kwamba dampo limelikosa shamba langu kwa sababu watu wanalipenda, si kwa sababu ya ng'ombe wa fundi saa. Kisha akanipa masharti yangu. Upande wa watoto ufukiwe uwe na kina kifupi. Niweke samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Bata wasiogelee upande wa watu. Mama mkwe amelipokea hili la mwisho kwa uchungu mkubwa.

Shemeji amekuja kunishukuru, na kofia mpya. Akanikumbatia akisema bila bwawa langu wangechukua udongo wangu. Nilitaka kukasirika. Nikajaribu kweli. Lakini alinikumbatia muda mrefu, na analia kwa urahisi yule.

Jumapili, 13 Julai

Tumeweka samaki leo. Mtaa mzima ulikuwapo. Kinyozi alileta kiti chake akanyoa watu kivulini. Mhandisi alikuja bila buti, akaonekana ana miguu kama watu wengine, akakaa anautazama udongo wangu kwa mbali kama mtu anayemtazama aliyeolewa na mwingine.

Mke wangu hajafunga cherehani yake mchana tangu sijui lini. Leo ameifunga. Alishuka majini na gauni lake mpaka magotini, akanivuta na mimi. Nikasema sijui kuogelea. Akasema hata bwawa lenyewe halijui kuwa bwawa. Nikaanguka, nikamshika shemeji, tukaanguka sote, kofia mpya ikaelea mpaka kwa bata. Bata mmoja akaingia ndani yake na kukataa kutoka. Nilicheka mpaka nikanywa maji ya boza.

Jioni mama mkwe aliniletea chai mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, kuna watu Mungu amewapa kipaji cha kukosea vizuri." Nimelichukulia kama sifa. Sijamwuliza.

Ninakwenda kulala na njaa ya fidia, lakini usingizi unakuja mtamu.

Jumanne, 15 Julai

Wazo! Nimelipata kwa kinyozi, sharubu zote zikiwa salama.

Ujenzi wa dampo utachukua miezi mingi. Watakuja madereva, mafundi wa utando, wapimaji, na wote watatafuta pa kulala. Kinyozi ana kiwanja kule kule, kinagusana na uzio, na hakina faida yoyote kwake. Amekubali tugawane faida nusu kwa nusu, na kunyoa sharubu bure maisha yote, ingawa sijaelewa vizuri nani anamnyoa nani. Nitafungua nyumba ya wageni. Chumba chenye dirisha la kutazama kazi ikiendelea!

Mke wangu amenikumbusha zile mita mia tano. Akasema niende halmashauri nikaulize kwanza. Nikacheka kwa upole. Nimesoma sharti lile neno kwa neno. Limesema jengo. Halikusema hema.

Akaniuliza nitajifunza lini. Nikamwambia nimeshajifunza, ndiyo maana safari hii hakuna kuchimba. Kisha nikamwomba anipimie turubai la vyumba vinane, na madirisha.