Meno ya Pikapu Yangu

Jumatatu, 11 Novemba

Habari kubwa! Mama mkwe anakuja Kasongo. Mtoto wetu anabatizwa Jumapili. Mama amepiga simu kutoka Kabambare akamwambia Marie, mke wangu, kwamba amechoka kusikia wakwe zake wawili wakishindana kwa maneno. Yule atakayemfikisha Kasongo, mtoto atabatizwa kwa jina lake. Amekata simu. Mama Séraphine harudii neno.

Mkwe wa kwanza ni mimi, Léon, baba wa Falone na wa huyu mtoto mchanga, mwenye pikapu. Wa pili ni Zéphirin, mume wa dada yake Marie, mwenye pikipiki na domo. Hubeba wafanyabiashara wa dhahabu kwenda Salamabila na kurudi, basi anajiona waziri wa barabara. Mwanangu aitwe Zéphirin! Niwe namwita Zéphirin njoo ule, ndani ya nyumba yangu, kwa mchele wangu! Bora nihame.

Lakini sina wasiwasi. Nina matairi. Matairi ya njia zote, yale mapana yenye meno, yaliyotoka Bukavu. Nimeyatumia tangu mvua za mwaka juzi na naweza kuyatolea ushahidi mbele ya hakimu. Kwenye tope yanashika. Kwenye mawe hayalalamiki. Kelele tu ndiyo nyingi: Marie hujua narudi nikiwa bado ng'ambo ya soko, akawahi kuficha nyama.

Kasoro ipo, ndogo. Ya mbele bado yana meno. Ya nyuma yamebaki na fizi.

Joël anajua. Joël ni fundi wa viatu vya tairi pale sokoni, na siku hizi huja kuyatazama matairi yangu kama mtu anayemtembelea mjomba tajiri aliye mgonjwa. Huyasalimu yeye kwanza, mimi baadaye. Leo ameyapapasa ya nyuma akauliza tena: "Baba Falone, hizi pine zitakufa lini?" Nimemfukuza.

Jumanne, 12 Novemba

Nimelala na swali, nimeamka na jibu. Meno yamekwisha? Yachongwe mengine! Na nani ana visu vya kukata tairi Kasongo nzima? Joël!

Nimemrudia kwa upole. Amekubali kuchonga matairi mawili ya nyuma, mradi nimpe tairi la akiba. Nikafikiri kidogo. Tairi la akiba ni ndugu wa yale manne, meno yake yote yapo, ila ubavu ulichanika nami nikaushona kwa waya. Lakini mtu mwenye meno kwenye matairi yote manne anataka akiba ya nini? Nimempa. Marie hajui. Aliwahi kuniambia kwamba siku nitakayotoka bila akiba nisimpigie simu. Marie haelewi mambo ya matairi.

Joël amechonga tangu asubuhi, kisu akikipasha moto kwenye makaa. Kazi safi! Meno marefu, yamejipanga vizuri. Mahali fulani nyuzi za ndani zimechungulia kidogo. Joël alikunja uso. Nikamwambia asiwe mwoga. Nikamalizia kwa rangi nyeusi ya viatu, matairi yote manne. Watu wamesimama kutazama.

Jioni Zéphirin amepita. Akagusa tairi, mkono ukatoka mweusi. Akasema mapine ya namna hii yanafaa kwenda harusi, si kwenda Kabambare. Wivu tupu! Yeye ana mteja wa Salamabila, na atapitia kwa mama akirudi. Atakuta nyumba imefungwa.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeondoka alfajiri. Marie amenipa kifurushi cha kumpelekea mama yake, kimefungwa kwa kitambaa na kukazwa kwa mafundo. Akasema nisifungue. Nimekibonyeza tu. Kigumu. Kinanuka kitu ninachokijua, ila sikukumbuka ni nini.

Barabara kavu. Wasukuma baiskeli wenye magunia wamenipisha. Si mbali na Kasongo, mwendo wa nusu siku kwa miguu, nimefika Sali Kwanza. Ndilo shimo la tope lenye sifa kuliko yote upande wetu, na madereva hawakuliita hivyo kwa mchezo. Vijana wa kijiji hukaa hapo na majembe na magogo, wakingoja magari ya kusukuma. Unawapa mchele, chumvi, sabuni, ulicho nacho.

Leo walisimama tayari. Nikawapigia honi ndefu, nikawaonyesha matairi yangu kwa kidole, nikapita! Ni kweli shimo lilikuwa limekauka. Lakini kupita ni kupita. Mkubwa wao, Espoir, amepaza sauti: "Tutaonana, patron!" Nikampungia mkono kama bosi kweli, kama gavana.

Alhamisi, 14 Novemba

Kabambare. Nimepokewa vizuri, kuku kachinjwa. Ila kuna jambo sikulifikiria. Heshima!

Kwetu mume wa binti hakai bega kwa bega na mama mkwe. Hamtazami usoni. Hasemi naye moja kwa moja, neno hupitia kwa mtu mwingine. Sasa pikapu ina kiti kimoja kirefu tu. Kumweka mama mkwe nyuma juu ya magunia, mvua imnyeshee? Aibu. Nikae mimi nyuma? Nani ataendesha? Zéphirin, nasikia, amebeba gunia la mchele wa kuweka kati yake na mama kwenye pikipiki. Analiita ukuta.

Nimempita kwa akili. Nimetundika kitenge kizito katikati ya kabini, kutoka juu hadi kwenye kiti. Mama upande wake, mimi upande wangu. Jeanine, mdogo wake Marie, atasimama nyuma na kupitisha maneno kwenye madirisha. Tumefanya jaribio. Mama amemwambia Jeanine aniulize kama pazia litakuwepo njia nzima. Nikamwambia Jeanine amjibu ndiyo. Mama amelitazama pazia juu hadi chini. Nadhani amevutiwa.

Amefungua kifurushi chumbani kwake. Nimemsikia akicheka. Mvua imeanza.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika ndani ya pikapu. Pikapu imo ndani ya Sali Kwanza.

Tulikuja vizuri! Mvua, utelezi, vilima, matairi yanashika. Nikaimba. Pazia lilikuwa limeficha kioo cha kulia na nusu nzima ya barabara, lakini sikuona haja ya nusu hiyo.

Tulipokaribia, mama akaliona shimo. Limejaa maji, liko upande wake. Mwanamke mwingine angepiga kelele. Mama Séraphine ana adabu. Akamgeukia Jeanine dirishani akamwambia: "Umwambie mukwe wangu, shimo iko mukono ya kuume." Jeanine alikuwa amejifunika turubai kichwani, hakusikia, akaomba arudie. Kwa Jeanine tu ndiyo akarudia. Jeanine akavuka juu ya magunia, akafika dirishani kwangu, akanisalimu kwanza kwa sababu naye ana adabu, akasema: "Baba Falone, mama anasema shimo iko mukono ya kuume." Nikamuuliza shimo gani. Tulikuwa tumeshaingia.

Nikakanyaga mafuta. Tairi la nyuma likapasuka pale pale nyuzi zilipochungulia. Mlio mkubwa! Jeanine akaniuliza akiba iko wapi. Nikajifanya sikusikia, mvua ilikuwa nyingi.

Nikakumbuka dereva mmoja aliwahi kuniambia kwamba tairi laini hushika tope. Nikatoa hewa kwenye la pili la nyuma. Halikushika. Nikatoa tena. Likachomoka kwenye chuma chake likalala ubavu, na pikapu ikakaa chini kama mbuzi aliyechoka.

Espoir na wenzake walikuwa juu ya magogo yao, wanakula miwa. Nikawapigia honi waje. Wakanijibu honi kwa midomo.

Ndipo mlango wa mama ukafunguka. Nikainamisha uso kwa heshima, kwa hiyo niliona miguu tu. Miguu imevaa viatu vya tairi, vipya. Vina meno. Meno yangu! Nayafahamu, nimeyatazama tangu mwaka juzi! Ndiyo ile harufu ya kifurushi. Marie kanunua viatu kwa Joël, na Joël kavikata kwenye tairi langu la akiba, na mimi mwenyewe nilivipeleka hadi Kabambare kwenye mafundo.

Mama alipita katikati ya Sali Kwanza bila kuteleza, akatokea ng'ambo. Jeanine alimfuata peku, akianguka na kuinuka. Wamepewa kitanda kwa mama yake Espoir. Mimi nimepewa muwa. Nitajifunika pazia.

Jumamosi, 16 Novemba

Asubuhi Zéphirin katokea, kanyoosha shingo, ukuta wake wa mchele uko nyuma ya kiti. Kaniona. Kacheka. Akaongeza mwendo ili anirushie tope. Pikipiki ikakata upande, ikaingia shimoni pembeni yangu, ikazama hadi kwenye tangi. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Mama alisimama juu ya ukingo na mwavuli. Akamtuma Jeanine atuambie wote wawili kwamba yeye anakwenda Kasongo, na wakwe zake wasijisumbue. Akaondoka kwa miguu, Jeanine nyuma yake. Tumetazama alama za viatu vyake hadi zilipopinda. Safi sana, kila jino linaonekana. Machozi yalinilenga kidogo, sijui kwa hasara au kwa fahari.

Tumeshinda ndani ya tope, mimi na Zéphirin, tukilaumiana. Mwishoni tumemtolea Espoir ule ukuta wa mchele. Amepima, amekubali. Vijana wametuvuta wote kwa kamba moja. Tairi lililochomoka kwenye chuma tumelirudisha kwa magogo, na wasukuma baiskeli wamelijaza hewa kwa pampu zao ndogo, mmoja akichoka mwingine anapokea. Lililopasuka tumelishindilia majani. Zéphirin pikipiki yake imekataa kuwaka, nimeipakia. Amekaa upande wa pazia aliokaa mama.

Jumapili, 17 Novemba

Tairi la majani si la mbio. Tumefika kanisani padri akiwa ameshika maji, anauliza mtoto anaitwa nani. Marie akamtazama mama yake. Mama akafungua kinywa.

Nikapaza sauti kutoka mlangoni: asubiri! Kanisa lote likageuka. Nilikuwa na tope hadi kwenye nyusi, lakini hoja ilikuwa tayari. Nikaeleza kwamba mama amefika juu ya matairi yangu. Watazame miguu yake! Anayefikisha ni mwenye matairi, kwa hiyo mtoto ni Léon.

Marie akageuka taratibu, akaniuliza viatu alivyonunua kwa Joël vimekuwaje matairi yangu.

Hapo nilisita. Nikinyamaza, nitapata amani nyumbani. Nikisema, nitapata jina. Nilimwona mtoto pale mikononi mwa mama yake, ana pua yangu kabisa, nikashindwa kuvumilia. Nikasema. Kwamba ni tairi la akiba, kwamba nilimpa Joël, kwamba lilikuwa na meno yote. Wanakwaya wakashika vinywa.

Mama Séraphine akamnong'oneza Jeanine. Jeanine akatembea hadi mlangoni akaniuliza: mama anataka kujua kama tairi lile nilimpa Joël, au nilimwazima. Nikasema nilimpa. Jeanine akarudi. Mama akaitikia kwa kichwa, akamgeukia padri, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji mpitishaji: "Basi tairi ilikuwa ya Joël, na viatu alivikata yeye. Mutoto ataitwa Joël."

Joël fundi alikuwa benchi la nyuma. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akalia kama aliyepata urithi. Zéphirin akanicheka hadi nilipomkumbusha kwamba hakuna Zéphirin aliyebatizwa pia.

Mwanangu ana jina la fundi wa viatu. Nilipombeba alipiga chafya, akanishika kidole. Nikampenda hivyo hivyo. Lakini Joël!

Jumatatu, 18 Novemba

Marie ananijibu kwa kupitia Falone, mtoto wetu wa kwanza. Asubuhi amemtuma aniambie chai iko mezani. Mama mkwe anapumzika uani, viatu vyake vimeoshwa, vinakauka ukutani. Nimevipita kama mara nne.

Joël amekuja, sasa ni wajina wa mtoto, anaingia bila kubisha hodi. Ameleta zawadi: viatu vya tairi vidogo, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja. Vina meno. Nimekubali kwamba ni vizuri.

Kisha amekwenda kuyasalimu matairi. Ameinama kwa lile la majani, akasikitika. Na hapo nimepata wazo! Mama anarudi Kabambare Jumamosi, na Zéphirin ameshaanza kutafuta mchele mwingine. Nimemuuliza Joël: vipande vilivyobaki vya tairi la akiba, vile vyenye meno, vikikatwa vizuri, vikashonwa na kupigwa misumari mifupi juu ya matairi ya nyuma? Gari nalo livae viatu! Joël amefikiri sana. Amesema inawezekana.

Ni mtu mwema, huyu wajina. Hataki chumvi wala sabuni. Anataka tu yale matairi mawili ya mbele, nami nimemkubalia haraka kabla hajabadili mawazo.