Miji Iliyobomoka ya Daktari wa Meno

Ulimi-Laini alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, kimya kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea, alipoiona riziki ukutani: postikadi za wakati wa vita, kila moja na fremu yake. Miji mizima ilikuwa chini, minara imekatika, madaraja yamezama mtoni.

"Nazikusanya," daktari alisema huku akimchokonoa jino. "Mji ukiharibika zaidi, kadi inapanda thamani."

Ulimi-Laini alijibu, "Aaagh," lakini moyoni alishapanga yote.

Kesho yake alichapisha picha ya kifusi, akailowesha kwenye chai ya rangi, akaianika juani, kisha nyuma akaandika salamu za askari kwa mkewe. Alipozisoma akatokwa na machozi. Kipaji ni kipaji.

Daktari aliikagua kwa lenzi, mbele na nyuma.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Ya marehemu babu. Alikuwa anailalia chini ya mto."

"Maskini! Ila sisi wakusanyaji hatununui, tunabadilishana." Akatoa albamu nene. "Hii inaizidi yako mbali sana, kwa hiyo ongeza kitu. Mke wangu anatafuta cherehani."

Cherehani ilikuwepo, ya dada yake Ulimi-Laini, fundi nguo, aliyekuwa amekwenda kumuuguza shangazi. Ndiyo iliyowalisha wote wawili, hasa yule asiyeshona. Ulimi-Laini alisita kidogo, kwa heshima. Kisha akajiambia kwamba albamu ikiuzwa, dada atapata cherehani mbili na pasi juu yake. Akaibeba cherehani mwenyewe mpaka kwa daktari, jasho likimtiririka.

Dada aliporudi alimkuta kaikumbatia albamu.

"Tazama, dada! Miji tele, nchi mbalimbali. Tumeukata!"

Dada akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi wa kwanza.

"Kaka, huyu mbuzi ni nani?"

"Mbuzi gani?"

"Huyu juu ya kifusi. Yuko hapa. Na hapa. Hapa tena, na kamba yake ileile shingoni. Alipigana vita vyote?"

Ulimi-Laini akafunua kurasa zote: nchi mbalimbali, mbuzi yuleyule. Akawaza polisi, akaikumbuka kadi ya babu, akaacha kuwaza.

"Haya," dada akasema. "Bibi harusi anakuja kesho kuchukua gauni, na bado mikono. Cherehani yangu iko wapi?"

Uongo ulimjia mwingi, wote mzuri. Lakini dada alikuwa amechoka kwa safari, na Ulimi-Laini akaona aibu kweli. Akasema yote.

Dada hakupiga kelele. Alitunga uzi kwenye sindano mbili, akampa moja.

"Kaa. Mkono huu wako, huu wangu. Tukimaliza tunamfuata huyo daktari. Mimi nitaongea, wewe utabeba."