Dai la Mkono wa Shangazi

Jumatatu, 9 Machi

Nimegundua leo kwamba mwaka una mwisho. Binamu alipita asubuhi kuchukua mashati yake. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kama nimeshapeleka mahakamani dai la fidia la mama yake. Nikamjibu kwamba linakwenda vizuri. Akasema vyema, maana ajali ilitokea Machi kumi na tatu mwaka jana na sheria inatoa mwaka mmoja tu. Ijumaa saa tisa alasiri, masijala ikifungwa, dai limekufa. Akakunja mashati, akaenda zake.

Macho yakanitoka pima. Siku nne!

Kwa ajili ya kumbukumbu: Shangazi, mama yake Binamu, aliyenilea tangu nina miaka sita, ni mshonaji. Siku ile alikuwa ameegesha gari lake dogo mbele ya duka la vitambaa, ametoa mkono dirishani kuweka sawa kioo cha kutazamia nyuma. Gari la mikate likarudi nyuma. Kioo kikapasuka, mkono wa kulia ukavunjika. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, nasoma kitabu. Sikuona chochote. Tangu hapo cherehani imefunikwa shuka, na wateja wamehamia kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye mishono yake inakwenda kilevilevi. Dai likipotea, matibabu yamepotea, na shuka haitatoka.

Jalada nililing'ang'ania mimi. Binamu ni karani tu kwa wakili. Mimi nina shahada. Katika mwaka mzima nimeandika kurasa thelathini na nane. Zote ni utangulizi. Nimefikia swali la kama kitu kilichopotea kinaweza kulipwa kwa kitu kisichokuwa chenyewe. Ni swali gumu.

Siku nne zinatosha. Nikibanwa ndipo akili inapofanya kazi.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kwa shahidi. Fundi saa ana meza yake mkabala na duka la vitambaa, na aliona kila kitu. Tatizo ni kwamba amewasimulia wateja wake mwaka mzima, na kila mteja alitiliwa chumvi yake. Leo gari la mikate lilikuja kama risasi, dereva akitafuna mkate mzima, na yeye fundi saa akaruka meza akamchomoa Shangazi dirishani. Nikamkumbusha kwamba Shangazi alitoka kwa mlango, akaulizia mkoba wake. Akasema kila mtu ana kumbukumbu zake.

Nilimkalia kooni saa mbili. Mwishowe akatia sahihi sentensi moja: gari lilirudi nyuma bila honi, likamgonga mama aliyekuwa ameegesha. Sharti lake lilikuwa niongeze kwamba anatengeneza pia saa za ukutani. Nimeongeza. Ushindi!

Jioni Binamu akajitolea kujaza fomu yote kwa dakika kumi. Nikamkatalia. Dakika kumi! Huyo ndiye mtu anayedhani uchungu una visanduku vya kuweka alama.

Jumatano, 11 Machi

Balaa. Nimepata nakala ya jalada la hospitali. Shangazi amekwenda mara tano, na mara zote tano limeandikwa jambo moja: mgonjwa anasema hajambo, mkono unaendelea vizuri.

Kumbe! Shangazi amelelewa kwamba kumlalamikia mtu usiyemjua ni kukosa adabu. Daktari akimuuliza mkono vipi, anajibu mzuri tu, na watoto wako hawajambo? Watu wa bima wakisoma haya watatuuliza tunadai nini.

Mpango mpya: kumfundisha kulalamika. Mchana nilivaa aproni nyeupe nikawa daktari, nikamkalisha kwenye kigoda. Nikamuuliza mkono vipi. Akasema mzuri tu, daktari. Nikamwambia aanze upya. Akasema unauma kidogo, lakini nisijali. Upya. Akasema kuna wenye mikono mibaya kuliko huu. Tukaendelea hadi magharibi, na mahali pa mbali kabisa alipofika ni "unauma, samahani." Nikamwomba aondoe samahani. Akasema bila samahani anajisikia kama amemtukana mtu. Akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa aproni yangu. Nami nikaangua kicheko, ingawa hali ni mbaya sana. Somo likavunjika.

Alhamisi, 12 Machi

Kwa daktari, foleni ya saa tatu. Daktari ni kijana, mwenye haraka. Akamuuliza mama hujambo. Nikamkanyaga Shangazi mguu chini ya meza. Akasema leo, kwa kweli, ana malalamiko. Nikashusha pumzi. Akasema tangu jana mtoto huyu hampi nafasi hata ya kunywa chai.

Daktari akaanza kuandika! Nikasimama kupinga. Akaniomba nikae.

Kisha Shangazi akaliona koti la daktari. Kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, na kwa Shangazi hilo ni jambo la dharura. Akamwambia alivue, amshonee mara moja asije akakipoteza. Sindano na uzi bado anatembea navyo mkobani. Mwaka mzima, na mimi sikujua. Akajaribu kupitisha uzi kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akaulowesha mate, akajaribu tena. Vidole vikagoma kukutana. Mara ya saba sindano ikaanguka sakafuni, naye akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Haunitii tena, daktari," akasema polepole. Wala hakuongeza samahani.

Daktari akafunga jalada la zamani. Akavuta karatasi mpya, akamwomba akunje kidole hiki na kile, akaandika ukurasa mzima mbele na nyuma. Alipomaliza akashona kifungo mwenyewe, Shangazi akimwelekeza. Alishona vibaya mno. Shangazi akamsifu.

Sikulia. Nilikuwa nasoma tangazo la kunawa mikono, mara nyingi mfululizo.

Ijumaa, 13 Machi

Niliamka alfajiri kurekebisha sentensi ya kwanza. Nilimaliza saa nane na nusu mchana. Binamu alikuwa nje, kwenye gari la mama yake, anapiga honi kama ana arusi.

Tulifika masijala saa tisa kasoro dakika kumi. Nikaweka kwenye kaunta kurasa zangu, sasa arobaini na moja. Karani akazisukuma kwa kidole kimoja, akanipa fomu. Eleza madai yako, imeandikwa, na chini yake kuna mistari minne. Nikamweleza kwamba hasara ya binadamu haiwezi kuingia kwenye mistari minne. Akasema mstari wa tano hakuna. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaguna. Nikashika kalamu. Mimi, mwenye shahada, nikaihesabu mistari upya.

Shangazi akainama begani kwangu.

"Andika, mama," akasema. "Mimi ni mshonaji. Gari la mikate lilirudi nyuma likanivunja mkono. Sasa siwezi kutia uzi kwenye sindano. Naomba mkono wangu utibiwe nirudi kazini."

Nikaandika. Mistari minne kamili. Mchango wangu ulikuwa mkato mmoja, ambao Binamu alisema hauhitajiki. Karani akaipokea, akabandika ripoti ya daktari na maelezo ya fundi saa, akapiga muhuri. Saa tisa kasoro dakika moja! Shangazi akamuuliza kama watoto wake hawajambo. Tulirudi tunacheka njia nzima, Binamu akiendesha na Shangazi akimkemea asitoe mkono nje.

Jumanne, 31 Machi

Barua imefika! Bima ya gari la mikate imekubali kwamba kosa ni la dereva wao. Wanalipia mazoezi ya mkono kuanzia wiki ijayo. Shangazi ameondoa shuka kwenye cherehani. Anasema ni kwa ajili ya vumbi tu, lakini nimemsikia akiimba.

Kimebaki kitu kidogo. Kabla ya kuamua kiasi kingine cha fidia, wanataka ndani ya siku ishirini na moja maelezo mafupi ya jinsi jeraha linavyomzuia kazini. Wamepiga mstari chini ya neno mafupi. Binamu alikuja na kalamu yake tayari. Shangazi naye alisema mwache mwenzio aandike, mama. Nikawaambia wasijisumbue. Siku ishirini na moja ni muda tele, na safari hii najua nilipokosea: niliandika juu ya hasara bila kuujua mkono wenyewe.

Nimerudi kutoka maktaba sasa hivi na vitabu vitatu. Mkono wa binadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa ishirini na saba. Leo nimeanza na wa kwanza.