Nirudishie Makovu ya Meza ya Mama

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila kitinda mimba anaota meno, na usingizi mimi nausikia kwa majirani tu. Nakuandikia kwa heshima zote, maana tukionana utanichekesha nisahau.

Mjomba, meza ya marehemu mama, dada yako, niliileta karakana ukaze mguu mmoja uliokuwa unacheza. Umeirudisha imepigwa randa, msasa na vanishi, inang'aa mpaka najiona nilivyochoka. Tena hukunidai kitu. Ndiyo maana malalamiko yangu ni mazito:

1. Duara jeusi la sufuria halipo. Mama aliitua sufuria ya moto pale siku aliyosikia nimejifungua salama, akakimbilia hospitali peku. Sasa nani ataniamini?

2. Alama za meno ya utotoni ya binti yangu mkubwa pale pembeni umezifuta. Kila akijifanya mtu mzima nilikuwa namwonyesha tu, ananywea. Leo kanijibu, "Mama, sema na fundi."

3. Siku ileile, kwa macho yangu, ulikuwa unaichapa meza mpya kwa mnyororo ionekane ya zamani, eti mteja kapenda hivyo. Kongwe unaifanya mpya, mpya unaizeesha! Si ungetubadilishia tu, mkono wako ukapumzika?

4. Usiniambie utaipiga mnyororo na yangu. Makovu ya mnyororo hayana wenyewe. Naomba Jumamosi utufungulie karakana. Binti atang'ata palepale, ingawa mdomo umekua. Mume wangu ataleta pasi aunguze alipounguza mwaka wa harusi, safari hii kwa makusudi. Mimi nitashika sufuria ya moto. Wewe utapiga kelele mlangoni kwamba nimejifungua, nami nitatimua mbio peku kama mama.

5. Mpaka hapo tutakula sahani zikiwa magotini. Si kususa, ni msimamo.

Msalimie mkeo, mafundi wote, na yule paka anayelala kwenye maranda.

Ni mimi mpwa wako, nisiyeyumba kama ule mguu,
Mama Watatu

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, kitinda mimba kajishika mezani, kasimama kwa mara ya kwanza, kisha kaing'ata kwa vijino vyake viwili. Nikajisikia nafoka, "We! Meza mpya hiyo!" Mjomba, meno yameingia kabisa. Jumamosi usifungue karakana. Njoo na vanishi uyapake hayo meno, yasije yakafutika. Msasa uache hukohuko.