Nywila ya Hezroni

"Mdukuzi hata atoke Urusi," Hezroni alipenda kusema, "akifika kwenye mitambo yangu ya Same atageuza arudi kwao!"

Hezroni alikuwa msimamizi wa mifumo ya kompyuta kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa tangawizi. Mifumo yenyewe ilikuwa kompyuta sita, printa moja yenye kwikwi, na seva iliyofungiwa kwenye iliyokuwa stoo ya magunia. Lakini ukimsikia akiisimulia seva ile, ungedhani inarusha watu mwezini! Kitambulisho cha kazi alikivaa shingoni hata Jumapili kanisani.

Kasoro ilikuwa moja: alikuwa bado kwenye majaribio. Mkataba wa ajira ya kudumu ulikaa mezani kwa meneja, Mzee Asheri, ukisubiri saini, na saini ilimsubiri mkaguzi kutoka Moshi. Mkaguzi akisema mifumo iko salama, Hezroni kaula! Akikataa, Hezroni anarudi Suji kushika jembe kwa baba yake, ambaye alimchinjia mbuzi siku anaajiriwa. Na majirani mbuzi walikwishamla.

Basi akaibana ofisi. Kila mtu awe na nywila ya herufi ishirini au zaidi, kubwa na ndogo, iwe na namba na alama. Kuandika kwenye karatasi, marufuku! Ukikosea mara tano, mfumo unakufungia siku tatu, na hakuna wa kukutoa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa msiba. Zaituni wa masijala alifungiwa mara mbili, akawa anakuja kazini kufuma vitambaa vya meza.

"Hezroni mwanangu," Mzee Asheri alilalamika, "mimi nilikariri katekisimu nzima nikiwa mtoto, lakini hii paswedi yako imenitoa jasho!"

"Usalama, mzee wangu. Usalama haujui shikamoo."

Wiki ya tatu, ghafla, malalamiko yakakata. Watu wakawa wanaingia kwenye kompyuta bila kukosea, tena wanatabasamu. Hezroni akavimba kichwa, akatangaza kwamba amewastaarabisha.

Mkaguzi alifika Jumanne moja, zaidi ya mwezi baadaye. Bi Mwanahalima alikuwa mama wa maneno machache, hata soda aliikataa.

"Nipeleke kwenye seva," alisema. "Uingie nikiwa nakuona."

Wakajaa stooni: mkaguzi, Mzee Asheri, Zaituni, na Mama Eliakunda, mpika chai, na chupa yake mkononi. Hezroni akakunja mikono ya shati, akakaa, akaandika kwa madaha. Nywila si sahihi!

"Kibodi hii ina vumbi," alisema, akapuliza. Si sahihi. Akajaribu tena, na tena. Mara nne! Ikabaki moja tu.

Ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulijua maishani. Hezroni hakuwahi kuiandika nywila ile akiwa amefunga mdomo. Kila asubuhi, akiwa peke yake stooni, aliitamka kwa sauti, silabi moja moja, na vidole vikafuata. Leo mdomo umefungwa, na vidole havijui njia.

"Naomba mtoke kidogo," alisema, jasho likimtiririka.

"Utaratibu hauruhusu," mkaguzi akajibu.

Hezroni akauona ua wa baba yake kule Suji, na majirani wakimtazama. Aliogopa kweli.

Mama Eliakunda akamwonea huruma. "Mwanangu, mbona leo husemi? We sema tu kama unavyosemaga!"

"Nasemaga nini, mama?"

"Si ile ya kila asubuhi nikipita hapo mlangoni na chai! Anza na H kubwa. Hezroni, ndiye, meneja, ajaye. Yote yamebanana. Halafu elfu mbili ishirini na sita, na alama ya mshangao!"

Hezroni hakuthubutu kumtazama Mzee Asheri. Akaandika, na seva ikafunguka.

"Mama, nani mwingine anaijua?" mkaguzi akauliza.

"Wote! Walikuwa wanateseka, nikawapa. Ina herufi kubwa, ina namba, ina kila kitu anachotaka bosi wa kompyuta. Wote wameiweka hiyohiyo."

Zaituni akaangalia dari.

"Wote?" Hezroni akanong'ona. "Hata…"

Mzee Asheri akakohoa. "Hata mimi. Mwezi wa pili sasa. Kila asubuhi naandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba Hezroni ndiye meneja ajaye, na kompyuta inaniambia karibu."

Kwa mara ya kwanza Bi Mwanahalima alicheka, kisha akaandika ukurasa mmoja na nusu.

"Kila mtu abadilishe leo," akaamuru. "Tuanze na hii ya seva, hapa hapa."

"Hii nitaichagua mimi," alisema Mzee Asheri. Akainama, akamnong'oneza Hezroni sikioni.

Hezroni akafunga mdomo, akagusa kibodi. Vidole vikagoma. Akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuna aliyetoka. Akaanza kwa sauti:

"Hez-ro-ni… ba-do… yu-ko… ma-ja-ri-bi-o-ni… mwa-ka… 2-0-2-7…"

"Na alama ya mshangao," Mzee Asheri akamkumbusha.